Hatua Sabini kwa Sabini

Juzi kitinda mimba wangu alinijia na daftari la kazi ya likizo, kidole kimeganda kwenye swali la nne: eka moja ni sawa na mita za mraba ngapi? Nilikuwa nachagua mchele, sikuinua hata macho. Nikamjibu, "Hatua sabini kwa sabini." Akakaa kimya kidogo. "Mama, hatua za nani?"

Miaka yote hii nimelikwepa swali hilo, limekuja kuulizwa na mtoto wa darasa la sita mwenye maji ya embe kidevuni.

Mwaka 2013 tulikuwa tunatafuta nyumba na shamba la kununua, mengi ya safari hiyo sitayasimulia. Tulivyozunguka Kilombero na ile basi bovu, Udzungwa mkono wa kulia, miwa halafu mpunga hadi macho yakachoka. Dalali aliyetuuzia maneno matupu Mang'ula. Mwisho wa yote tukaangukia kwa mzee mmoja upande wa Ifakara: nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati halijashika kutu, kisima, na shamba refu linaloteremka hadi kwenye majaruba. Nyumba milioni nne. Shamba laki saba kwa eka, na alikuwa tayari kutukatia eka sita kutoka kwenye shamba lake kubwa. Mwanawe alikuwa anataka pikipiki ya bodaboda. Hilo tulikuja kulijua baadaye, ila bibi, mke wa mzee, alikuwa analijua tangu mwanzo na halikumfurahisha hata kidogo.

Asubuhi ya kupima nilifanya kosa langu. Kule chini kabisa, karibu na mfereji, kulikuwa na mwembe dodo mnene, kivuli chake kingetosha harusi. Nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshalipa, "Pale ndipo nitaweka kiti changu nikistaafu." Bibi alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.

Tukakusanyika: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na daftari lake, majirani wa mipaka, mashahidi wa pande zote mbili. Mtendaji alishatangaza kwamba bila mama mwenye nyumba kuweka dole hakuna mauziano, sheria ndivyo inavyosema, na bibi akaitikia kwa kichwa tu. Ikabaki kazi ya miguu. Kwa kawaida mpimaji ni mwenyekiti, lakini siku hiyo alikuwa na jipu kwenye unyayo, anatembelea kisigino. Shemeji yangu akajitolea. Shemeji ni futi sita na ushee. Mzee akamtazama kuanzia kandambili hadi utosini akasema, "Huyu akipima ataondoka na kijiji kizima." Akamwita mjukuu wake wa miaka kama kumi. Shemeji naye, "Huyu si atatuuzia tuta la mchicha?" Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, maana hela ilikuwa imo ndani ya pochi yangu na jua linapanda.

Ndipo bibi akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni, akavua ndala. "Nipisheni. Shamba hili nimelilima mimi, nitalipima mimi."

Nani angembishia? Upana akaumaliza kwa hatua sabini, akachomeka kijiti. Kisha akaanza urefu, sabini mara sita, na hapo ndipo nilipomwangalia sana. Alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Mguu mmoja, kituo, mguu mwingine. Sisi nyuma tunahesabu kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Kwenye mia na kumi na kitu akasimama kando ya kichuguu, akasema hapa uchungu wa mtoto wa tatu ulimshikia, na mvua inanyesha, na mzee yuko pombeni. Mzee akakohoa. Tukaendelea. Kwenye mia mbili na arobaini akaonyesha mafuriko yalipofikia mwaka aliovuna gunia moja tu. Mbele kidogo akainama, akang'oa magugu mawili, akayakung'uta udongo na kuyalaza juu ya tuta, kana kwamba msimu ujao angekuja kupalilia yeye. Shemeji akaninong'oneza, "Dada, hizi hatua." Nikamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa na donge kooni. Ungemkatizaje mwanamke anayeaga shamba lake? Ungemwambia atanue miguu?

"Mia nne na ishirini!"

Mtendaji akapigilia kigingi. Nikainua macho. Mwembe ulikuwa mbele yetu, upande wa pili wa kigingi, na kivuli chake kimefika kwenye vidole vya miguu yangu. Bibi akarudi nyumbani bila ndala, akabonyeza dole kwenye wino wa muhuri, akalifutia kwenye kanga. Tukala wali na kuku.

Mwaka uliofuata nilimkuta njia panda, amejitwika mzigo wa kuni ambao mimi nisingeunyanyua hata kutoka chini. Alikuwa anakata mitaa. Nilimfukuza mpaka nikahema, nikampa shikamoo kwa pumzi za mwisho. "Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea kama mgonjwa?"

Nikaanza kuelewa kitu, nikaamua nisikielewe kwanza. Wapimaji wa GPS walipopita kijijini kwa ajili ya hati za kimila, karatasi ilisema eka 4.9. Yaani karibu laki nane yangu ilikuwa imebaki ng'ambo ya kigingi, pamoja na mwembe. Baba watoto alitaka twende kwa mwenyekiti. Nikamuuliza tukaseme nini: kwamba bibi ana hatua fupi? Kwamba tulihesabu wenyewe, kwa sauti, watu kumi na mbili?

Kila Desemba tunapokea kiroba cha maembe dodo kwa basi, hakina barua.

Yote haya nilimsimulia binti yangu juzi mchele ukiwa bado kwenye ungo. Yeye akachukua rula, akampima dada yake hatua pale sebuleni, sentimita themanini na mbili, akapiga hesabu pembeni ya daftari, akapata eka nne na pointi themanini na nane. Akanigeuzia ukurasa nione. Umeingia doa la embe.

"Sasa Mama, huyo bibi alitudhulumu au hakutudhulumu?"

Nikamwambia aandike mita za mraba 4,047, aende swali la tano.