Maji meupe hayashibishi chaza

Wageni wakija huku Bweleo, Unguja, husifu maji: meupe, unajiona mpaka vidole vya miguu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga chaza wa lulu na mie niliyapenda hayohayo. Nikazitoa kamba zangu, zile ninazoning'inizia chaza, upande wa mikoko, nikazipeleka nje kidogo, penye mchanga mweupe na maji ya kung'aa. Baada ya miezi minne nikafungua mmoja. Nyama nyembamba, imelala kama kitambaa kilichorowa. Ganda halijaongezeka hata upana wa ukucha, na ile shanga niliyombandika ndani, ambayo kwa karibu mwaka mzima anatakiwa aipake mng'aro iwe nusu lulu, bado inaonekana plastiki.

Shemeji yangu, mtu wa madema, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umewapeleka wenzio jangwani!"

Ni kweli. Chaza halishwi. Anakaa palepale, anapitisha maji na kuchuja vimea visivyoonekana kwa macho, planktoni. Maji yakiwa meupe kupita kiasi, ujue sufuria tupu. Mwanafunzi mmoja alinionyesha kwa hadubini tone la maji ya mikokoni: vijisanduku, sindano, minyororo. Dayatomu, akasema, na maganda yao ni silika, ndiyo hiyo inayotengeneza kioo. Kumbe chaza wangu wanakula vioo!

Siku hizi napima weupe wa maji. Sahani nyeupe ya plastiki, jiwe chini yake, kamba yenye fundo kila nusu mita. Jua likiwa juu naishusha ubavuni mwa ngalawa, upande wa kivuli, nahesabu mafundo mpaka ipotee. Ila sahani haitofautishi tope na chakula. Hapo natazama rangi: ukijani ni chakula, kahawia ni udongo. Yakiwa rangi ya kutu, siuzi wala siwapi majirani nyama, maana baadhi ya vimea hivyo vina sumu inayojikusanya ndani ya chaza na haitoki kwa moto wala kwa ndimu. Tena nyingine haigeuzi hata rangi ya maji.

Masika ndiyo shughuli. Bahari yetu ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, na mvua ikipiga siku tatu maji baridi hukaa juu kwa kuwa mepesi. Chaza hufunga mdomo, na akifunga hali. Basi nazishusha kamba chini zaidi.

Nimesharudi mikokoni. Chaza wamenona, lakini penye chakula hali peke yake: maganda yamejaa sponji na vigamba vyenye makali, vyote vinachuja maji yaleyale. Keshokutwa bamvua, maji yanatoka saa nne asubuhi. Kisu nimeshakinoa, glavu moja imetoboka kidole gumba.