Nilivyoishika Hela Yenyewe

Ni mwaka wa sita sasa tangu nianze kukusanya sarafu za zamani hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza niliitumia kuziharibu. Kila niliyoipata niliisugua kwa majivu na limau mpaka ing'ae kama kijiko kipya, nikajiona fundi.

Aliyenizindua ni mzee jirani yetu, mstaafu wa reli, siku nilipompelekea kwa majivuno seti yangu ya mwaka 1966: senti 5 yenye pembe kumi na mbili na samaki sulisuli, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Aliichukua ile ya mbuni, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu umemnyonyoa." Kweli, mahali palipokuwa na manyoya pamebaki doa laini lisilo na mstari hata mmoja.

Tangu siku hiyo huiloweka sarafu katika maji safi usiku kucha, nikaikausha kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini bila kusugua, kwa kuwa vumbi letu ni mchanga mtupu nao huacha mikwaruzo. Halafu naitia katika bahasha ya karatasi, ambayo nimekwisha kuiandika kwa penseli mwaka wa sarafu, mahali nilipoipata na bei niliyoilipa.

Bila nidhamu hiyo ningeiharibu hata ile niliyoikuta Majengo, kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa imechanganywa na koki mbovu za maji zilizosubiri kupimwa kwa kilo. Ilikuwa nyeusi tii, nami niliilipia shilingi elfu mbili kwa kubahatisha tu. Asubuhi, baada ya kuiloweka, niliona taji, mwaka 1916 na herufi T. Ilikuwa Heller 20 ya Tabora, iliyotengenezwa na Wajerumani huko huko Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya manowari za Uingereza kuwafungia njia ya bahari na sarafu kutoka kwao kukatika. Kazi yake ni ya haraka, na inaonekana: ukingo haujanyooka na taji limekaa kama limechorwa na mtu mwenye usingizi. Lakini neno letu "hela" limetokana na hiyo Heller, na mimi, niliyelitamka neno hilo maisha yangu yote, ndipo nilipoishika hela yenyewe.

Sarafu za sasa hazinisumbui. Simba wawili wa shilingi 200 na nyati wa shilingi 500 ya mwaka 2014 nilipewa kama chenji kwenye daladala. Ninayoitafuta ni shilingi 5 ya mwaka 1971, ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Wauzaji wa Majengo wameshanijua, na kila nikitabasamu, bei inapanda.