Sikio la Kushoto

Bangili ya binti yangu, ile anayolia chakula cha mchana shuleni, ilikataa juzi. Haikuharibika, ilikataa tu. Alikuwa ameshakula, akamkuta rafiki yake amekaa pembeni kwa kuwa mamake hakutuma zile shilingi 5, basi akarudi kwenye foleni na kuigusisha tena kwenye mashine ili sahani ya pili iwe ya mwenzake. Mashine ikalia ule mlio wake wa kununa. Mtoto mmoja, sahani moja, siku moja.

Jioni akanijia na hasira zake za darasa la pili. "Baba, mashine inajuaje?" Nikamweleza ninavyoelewa: kwamba ndani ya bangili mna namba yake, na kwamba kaunti na wenzao wa Food4Education, shirika lililoanza na jiko dogo kule Ruiru mwaka 2012, lazima wajue nani amekula na nani bado, la sivyo hesabu haziendi. Akanitazama. "Na nyinyi mlikuwa mnahesabiwaje?"

Sisi tulihesabiwa kwa kidole na kalamu. Tena tulihesabiwa vibaya, makusudi kabisa, na mwalimu ambaye hadi leo nikimwona njiani nashuka kwenye pikipiki kumwamkia.

Kinango, Kwale, 2004. Nilikuwa darasa la saba. Masika yalipita bila mvua ya maana, na Julai Rais Kibaki akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa, habari ambayo ng'ombe wetu walikuwa wameshaitangaza tangu Mei. Silanga, bwawa letu la maji, lilibaki tope, kisha likabaki nyufa. Shule ilikuwa na mvuto wake, na sitajifanya kwamba mvuto huo ulikuwa hisabati. Ulikuwa chakula cha WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Magunia yalikuja na lori, na mikebe ya mafuta iliyoandikwa kwamba haiuzwi wala haibadilishwi. Mafuta yakiisha, mkebe uligeuka kata ya maji, kipimo cha mahindi, hata kiraka cha paa. Hakuna nyumba kijijini iliyokosa mkebe ule. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Kila mtoto alikuwa na fungu lake: gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe au zile dengu za manjano zilizopasuliwa, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Najua kwa sababu karatasi ilibandikwa ukutani mwa stoo, nami ndiye niliyekuwa nikimsaidia mwalimu wa chakula kupima asubuhi. Gunia la kilo 50 linalisha watoto 333. Sisi tulikuwa shule ya gunia moja na kitu. Mwalimu alikuwa mkali sana na stoo ile. Magunia yalilazwa juu ya mbao yasiguse sakafu, na ole wako umwage maji. Mwaka uleule, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na habari zilikuwa zimemfikia redioni. Alinusa kila gunia kabla hajaliruhusu litoke.

Kilichopikwa kilikuwa pure. Watu wa bara wanaita githeri na wanadhani ni chakula chao. Mama mpishi alikoka moto kabla jua halijachomoza, maana mahindi makavu hayaombwi haraka. Wazazi walichanga ujira wake, na sisi kila mmoja alifika na ukuni mmoja kwapani na kidumu cha maji, maji yapatikanapo.

Sasa, mushkili wenyewe. Elimu bure ilipoanza Januari 2003 ilianzia darasa la kwanza. Nasari haikuwemo. Nasari ililipiwa, na mwaka ule nani angetoa pesa za mtoto kwenda kuimba na kulala? Kwa hiyo wadogo zetu walibaki nyumbani, na nyumbani mchana hakukuwa na kitu. Wakafanya ambacho ningekifanya mimi: wakatufuata. Ikikaribia saa saba wangekuwa wamejipanga nje ya ua wa miiba, huyu na bakuli, yule na kibuyu kilichokatwa, mwingine na mkebe wa mafuta mrefu kuliko mkono wake. Hawakulia wala kuomba. Walisimama tu.

Wangu alikuwa kitindamimba wetu, miaka minne, tumbo mbele. Nusu ya bakuli langu ilikuwa yake, na nusu ya watoto wa shule ile walikuwa na mtu wao pale uani. Vile vipimo vya ukutani vikawa hadithi, kwani gramu 150 zikigawanywa ndugu wawili si gramu 150 za mtu yeyote.

Muhula wa pili ukiwa katikati, mwalimu alifungua rejista ya darasa la kwanza akawaandika wote. Thelathini hivi. Kwenye safu ya umri akajaza sita, sita, sita hadi chini. Ukiiamini rejista ile, 1998 ulikuwa mwaka wa uzazi ambao kijiji chetu hakijapata kuuona tena. Labda ni zile mvua za El Niño. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa mwaka uliotangulia watoto zaidi ya milioni moja walikuwa wamemiminika shule za msingi nchi nzima, na darasa la kwanza lililofurika lilikuwa ndilo darasa la kwanza la kawaida. Wadogo waliketi chini mbele, wakalala wakiegemeana, saa saba wakaamshwa wakala. Bakuli langu likawa langu. Nakumbuka ile furaha ya siku ya kwanza ya kula polepole.

Afisa wa elimu alifika Septemba bila taarifa. Tuliona vumbi la gari lake kabla hatujaliona gari. Mwalimu akatoka stoo akijipangusa unga mikononi, akaipiga mwenyewe ile ringi ya gurudumu iliyokuwa kengele yetu, tukajipanga mistari kuanzia darasa la nane hadi la kwanza. Afisa akapita akihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza akaitazama rejista, akatutazama, akaitazama tena. Idadi ilikuwa sawasawa. Nadhani hilo ndilo lililomtia shaka. Katikati ya ukame, shule za jirani zikiwa nusu tupu kwa sababu wavulana wamehamisha mifugo, sisi tulikuwa tumetimia hadi mtoto wa mwisho.

Akaenda polepole mpaka mstari wa darasa la kwanza. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe lililoanza kuwa la udongo, wala hakuwa mkali. Akasema kwa sauti ya mtu anayeanzisha mchezo: "Kila mmoja apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto."

Mnakijua kipimo. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo, basi mkono ndio uliokuwa cheti. Ukifika sikioni umefika miaka sita, usipofika rudi nyumbani ukakue.

Mikono ikainuka. Wale wakubwa walilishika sikio mara moja wakawa wanatabasamu, wameshinda. Lakini huku mbele, mstari mzima wa vidole uliishia utosini. Mmoja alijaribu mkono wa kushoto akidhani amekosea upande. Msichana mmoja akalishika sikio la jirani yake, akatulia nalo, ameridhika. Ndugu yangu alipitisha mkono, vidole vikakwama juu ya kipaji. Akainamisha kichwa kulia mpaka shavu likagusa bega. Bado. Akatoa ulimi. Akafumba jicho moja. Kisha nikaona ule mkono wake wa kushoto ukipanda taratibu ubavuni, ukalikamata sikio kwa chini, ukalivuta juu, juu, mpaka likanyooka kama la sungura na kukutana na kidole kilichokuwa kikilisubiri. Akasimama hivyo, amejifunga fundo, anatetemeka kwa bidii.

Afisa alikuwa mbele yake.

"Wewe uko darasa la ngapi?"

"La kwanza," akajibu bila kuachia sikio. Hilo tulikuwa tumemfundisha nyumbani.

"Vizuri. Na mwalimu wako ni nani?"

Hilo hatukulifikiria. Akageuka na fundo lake lote, akatafuta, kisha akaachia sikio na kunyoosha kidole kuelekea jikoni, alikokuwa amesimama mama mpishi na upawa mkononi.

Shule nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, na tumbo limenikaza. Mama mpishi akajifunika uso kwa leso. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono yake kuona kama bado ina unga.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Baadaye akaletewa bakuli la pure, akala akiwa amesimama, akalimaliza, akaomba maji ya kunawa. Waliongea na mwalimu chini ya mwarobaini, sisi tukiwa tumerudishwa darasani na hakuna aliyekuwa akisoma chochote. Kisha vumbi likaondoka na gari.

Muhula wa tatu magunia yalikuja kulingana na rejista, hayakupungua hata kidogo. Wadogo waliendelea kula mpaka namaliza shule.

Kwa miaka mingi afisa yule alikuwa mtu mwema katika kichwa changu, na mwalimu alikuwa mwema zaidi. Watoto thelathini kwa gramu 150 ni kilo nne na nusu za mahindi kwa siku. Huo ndio ukubwa wa uongo wetu. Halafu 2009, nikiwa ndiyo nimemaliza kidato cha nne, ikalipuka kashfa ya pesa za elimu bure, Uingereza ikasimamisha msaada wake, na nikaanza kuwafikiria upya watu wote niliowahi kuwaona na rejista mkononi. Pengine afisa hakufumba macho kwa huruma. Pengine majina ya kubuni hayakuwa mageni kwake, na haya yetu, yaliyokuwa na matumbo na masikio, yalimfurahisha kwa uhalisia wake. Na mwalimu? Siku za shule nilipima naye mwenyewe, kila kilichotoka kiliingia sufuriani, naweza kusimama popote niseme hivyo. Likizo sikuwepo. Kwake mikebe ilikuwa mingi, kweli, lakini nimeshawaambia habari za mikebe.

Mpango wenyewe ulibadilika. Mwaka 2009 huohuo serikali ikaanzisha wa kwake, shule zikawa zinapewa pesa zinunue chakula kwa wakulima wa karibu, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imeikabidhi serikali kazi yote. Wanaojua uhasibu wananiambia ni bora zaidi. Ninawaamini. Ila ninapowasikia wakisema kila mtoto lazima ahesabiwe, huwa najiuliza wanamaanisha mtoto yupi, yule wa rejista au yule wa uani. Sijapata kumuuliza mtu swali hilo bila kuonekana natetea wizi, na huenda kweli nautetea.

Ndugu yangu, kwa upande wake, alilipia ile pure, na bado analipa. Alipotimiza miaka sita ya kweli alikuwa ameshakaa darasa la kwanza miaka miwili, kwa hiyo vitabu vya shule vinasema alikuwa mzito wa kichwa. Hilo tunalicheka. Lakini kabla ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, kadi ya kliniki hana, chifu akaitisha ushahidi wa shule, na shule ikatoa rejista. Cheti kikaandikwa 1998. Kitambulisho kikafuata cheti. Serikali inamjua kijana mwenye miaka miwili ambayo hakuiishi.

Mwaka 2025 alijitokeza kwenye usajili wa makurutu wa jeshi. Alikimbia vizuri, meno yote yapo, kimo kimezidi. Mwisho ulikuwa miaka 26. Akatoa kitambulisho, kikasoma 27, akaambiwa apishe njia.

Alinipigia simu jioni akiwa hana sauti. Nikamwambia mambo ya mtu aliyekaa sana Nairobi: kwamba tarehe inarekebishika, aende kwa wakili, aape kiapo kuwa mwaka ulioandikwa shuleni si wa kweli na aeleze ulivyoingia, atafute mzee wa kumshuhudia.

"Niape kwamba mwalimu alidanganya?" akasema. "Kaka, mwalimu yu hai. Ataitwa."

Nikamwambia pengine mwalimu mwenyewe angekubali kuandika barua. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama binti yangu hajambo, na kama kweli siku hizi wanakula kwa bangili.

Hajaapa. Anaendesha bodaboda Mariakani. Jumamosi moja, nimeambiwa, alimbeba mwalimu hadi sokoni na akakataa nauli, nao wakabishana kuhusu nauli hiyo barabarani mpaka watu wakasimama kutazama.