Nilivyompata tena mjomba wangu

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ukoo mzima ulijua tulivyokuwa: mjomba kwa damu, rafiki kwa mengine yote. Alikuwa kitindamimba wa bibi, alinizidi miaka 6 tu, na tulikua nyumba moja tukigombania kitanda kimoja. Niliandika usiku kucha. Nikasema alikuwa mpole, mchapakazi, mwenye upendo kwa wote, asiyemnyima aliyebisha hodi. Watu walilia. Wawili waliomba nakala.

Miezi minne baadaye nikagundua nimejichongea mwenyewe. Kila nilipojaribu kumkumbuka, alinijia yule wa kwenye karatasi. Mpole, mchapakazi. Huyo mtu mimi simjui. Mjomba wangu hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mbishi, aliyechelewa mpaka kwenye harusi yake mwenyewe, aliyeazima vitu na kuvirudisha vina ufa, na ukigeuka kupiga chafya mezani, ujue kete yako moja ya drafti imeshahama. Nilikuwa nimempiga msasa mpaka sura ikafutika.

Najua, marehemu hasemwi. Nalielewa hilo, maana hayupo kujitetea. Lakini na kusifiwa kupita kiasi nako hakuna wa kukupinga, na huko ndiko nilikompotezea.

Siyo kwamba niligundua haya mara moja. Mwanzoni nilikuwa nasubiri tu. Rafiki mmoja aliniambia majonzi yana hatua 5: kukana, hasira, kutafuta maafikiano, sonona, kisha kukubali. Nikawa kama abiria anayehesabu vituo. Jumatatu nafika kwenye kukubali, Alhamisi niko bafuni nalia kwa sababu nimeona viatu vinavyofanana na vyake. Nikadhani nina kasoro. Mpaka niliposoma kwamba Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili aliyezieleza hatua hizo mwaka 1969, alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuzielekeza kwa wafiwa kulikuja baadaye. Nilicheka peke yangu. Mjomba aliugua miezi 7. Ramani niliyokuwa nimeishika ilikuwa ya safari yake, si yangu.

Kilichonifaa zaidi ni maelezo ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wao hawazungumzii ngazi. Wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara anaikabili huzuni yenyewe, mara anashughulika na maisha yaliyobadilika, na hata kuipa huzuni mgongo kwa muda ni sehemu ya kuimudu. Basi ile Alhamisi ya bafuni haikuwa kurudi nyuma. Ilikuwa zamu yake.

Baada ya hapo nikanunua daftari. Nilijiwekea sharti moja: kila ukurasa tukio moja, na maneno ya sifa marufuku. Ukitaka kusema alikuwa mkarimu, sema alimpa nani nini. Siku ya kwanza niliandika mistari mitatu, kuhusu alivyokuwa akipiga mluzi wimbo mmoja kila anapofunga kamba za viatu, na hakuwahi kuumaliza kwa sababu kamba zilikuwa zinaisha kwanza. Mistari mitatu hiyo ilinirudishia mtu kuliko wasifu wote.

Kisha nikaanza kuwapigia rafiki zake. Swali langu lilikuwa: alikuudhi nini? Kila niliyempigia alinyamaza kwanza, akidhani hakusikia vizuri. Halafu kicheko. Mmoja alieleza jinsi walivyobishana saa mbili kuhusu jina la barabara, mjomba akashindwa, na tangu siku hiyo akawa anaiita barabara hiyo kwa jina lake lisilo sahihi, kwa makusudi, kwa miaka 11. Mwingine alisema alimwazima koti na kulipokea likiwa na barua mfukoni ya kuomba radhi kwa kifungo kilichopotea. Kifungo chenyewe kilikuwepo, hakijapotea. Mjomba aliomba radhi mapema, ikiwa kitapotea.

Mama ndiye aliyekasirika. “Mwanangu, unamvua nguo mdogo wangu na kaburi halijakauka?” Sikujibu, kwani mama hajibiwi. Siku mbili zikapita, akanipigia usiku. “Andika hili.” Alipokuwa msichana aliletewa barua ya kuitwa shule ya bweni, na barua ikapotea. Nyumba nzima ikapinduliwa kwa wiki moja. Kumbe mdogo wake, ana miaka 5, alikuwa ameifukia uani ili dada asiondoke. Mama hakuwahi kunisimulia hilo maisha yake yote. Alilisimulia mara mbili katika simu hiyo moja.

Daftari halikumfaa kila mtu, nisije nikadanganya. Mke wa mjomba alilisoma kurasa mbili akalifunga. Mwaka ulipokaribia kwisha alikuwa bado halali, hali, hatoki. Shirika la Afya Duniani linayatambua majonzi ya namna hiyo kama tatizo la kiafya katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022: majonzi makali yanayozidi miezi 6, kupita kile ambacho jamii ya mtu inakiona cha kawaida, na yanayomzuia kuendesha maisha yake. Yeye alikwenda kwa mshauri wa kisaikolojia, na bado anakwenda. Hapo mimi na kurasa zangu tulikaa pembeni.

Suala la sauti nusura nilichelewe. Sura unayo kwenye picha, lakini sauti ilishaanza kunitoka. Nilikuwa nakumbuka maneno yake yakisemwa kwa sauti yangu. Nikarudi kwenye mazungumzo yetu ya WhatsApp nikakuta jumbe za sauti 63. Nilizitoa moja moja, nikaziweka kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwa dada yangu. Picha zake nyingi zilikuwa kwenye akaunti ya Google, na kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Bahati nzuri mkewe alikuwa na nywila. Aliye na mgonjwa nyumbani, aulize hilo mapema, hata kama ulimi unakuwa mzito.

Namba yake nilikuwa sijaifuta. Siku moja picha yake ikatoweka pale, na wiki kadhaa baadaye ikaja picha ya mtoto juu ya baiskeli. Namba imepata mwenyewe mpya. Nilibaki nimeikodolea macho. Sikumpigia huyo mtu, hana deni lolote kwangu. Nilibadilisha jina tu: “Zamani ya mjomba”.

Katika zile jumbe 63, nyingi ni ubishi na visingizio vya kuchelewa. Ninayoisikiliza zaidi ni ya sekunde 52, na haina ujumbe wowote. Alibonyeza akasahau. Unasikia hatua zake, funguo zinagongana, anahema kidogo akipanda ngazi, halafu ule mluzi, usiofika mwisho. Kisha anasema, si kwangu, “Ala! Kumbe inarekodi,” na inakatika.