Nilivyowafunza majirani zangu kazi ya redio za dharura Mombasa

Mtu akisikia kwamba nafunza watu wa kujitolea kazi ya redio za dharura, jambo la kwanza huniuliza bei ya wokitoki. Jibu langu ni lile lile: pesa yako iweke, kanunue daftari na penseli. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino huchuruzika ukipata maji, na dharura zetu za pwani aghalabu huja na mvua.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, ile inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano na kukupa jina la hewani linaloanza na 5Z4. Kwa miaka mingi niliitumia kama wenzangu wengi: usiku ukitulia, natafuta sauti za watu wa nchi za mbali. Kilichonigeuza ni usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Mwanzoni simu zilikuwa zikishika, maana minara ina betri na jenereta zake. Kadiri usiku ulivyokwenda, mtaani kwetu mtandao ukawa wa kubahatisha. Jirani yangu, ambaye mamake mgonjwa alikuwa Likoni, akanijia akasema, "Fundi, wewe na maantena yako yote haya, huwezi kuniulizia mama yangu hali?" Redio nilikuwa nayo na betri ilikuwa imejaa. Kule ng'ambo hapakuwa na mtu wa kuitika.

Basi nikaanzia barazani. Walikuja kijana wa bodaboda, mwalimu wa madrasa, nesi mstaafu, mzee mvuvi, wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi, na mama muuza mahamri aliyekuja kumwita mwanawe akakaa mpaka mwisho.

Sheria niliiweka wazi tangu siku hiyo: asiye na leseni hashiki kitufe cha kurusha. Kusikiliza atasikiliza, kuandika ataandika, kupeleka karatasi kwa mwenyewe atapeleka. Baadhi waliona kama wamepewa kazi ya kupanguza vyombo harusini. Nikawasimulia habari ya Bharathi Prasad, Mhindi mwenye leseni ya ridhaa, ambaye Desemba 2004 alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, amekwenda huko na wenzake kwa ajili ya mawasiliano ya kujifurahisha tu. Tsunami ikapiga tarehe 26, simu zikanyamaza, na kituo chake kikageuka njia ya kupitishia habari za visiwa vile kwenda bara. Kwa siku kadhaa kazi ilikuwa kupokea majina na kuuliza fulani yuko hai au la. Mawimbi ya siku ile ile yalifika hadi kwetu, na huko Malindi mtu mmoja alipoteza maisha, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza hayo yatuhusu nini. Ila nilitaka waone kwamba habari za watu wengi namna ile bila mwandishi makini hupotea.

Somo la kwanza halikuwa na redio hata moja. Wawili wanakaa wamepeana mgongo, mmoja anasoma ujumbe, wa pili anaandika, na wengine wanapiga kelele za tuktuk na muziki wa duka. Fomu tunayoitumia inafuata mpangilio wa wana-ridhaa duniani: nambari ya ujumbe, uzito wake (ni wa dharura au wa kawaida), kituo ulikotoka, idadi ya maneno, mahali, saa na tarehe, kisha anayepelekewa, ujumbe wenyewe, na jina la aliyeutuma. Hiyo idadi ya maneno ndiyo iliyowashangaza. Mtumaji anasema maneno kumi na manne, mpokeaji anahesabu yake. Zikipishana, hapokei mpaka lipatikane lililopotea. Mwalimu wa madrasa aliipenda mara moja, naye ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi.

Katika kelele zile tuligundua mitego ambayo kitabu cha Kizungu hakiwezi kukuonya. Sita na tisa, kwa spika mbovu, ni ndugu mapacha. Tatu na tano vilevile. Tukakubaliana tarakimu zitamkwe moja moja, mara mbili, na mpokeaji azirudie. Majina ya mitaa nayo ni balaa: Likoni na Liwatoni, Mikindani na Miritini, Mtongwe, Mtwapa na Mtopanga. Gari la wagonjwa likipelekwa Mtwapa badala ya Mtongwe limekwenda kaskazini ya jiji, na mgonjwa yuko kusini. Sasa kila mtaa unatajwa pamoja na alama inayojulikana, na jina lenye shaka linapigwa herufi kwa alfabeti ya Alpha, Bravo, Charlie, ambayo kila herufi ina neno lake. Vijana waliikariri upesi. Mzee mvuvi alikuwa nayo tayari, kwa redio za baharini.

Lakini kilichotula muda mwingi kuliko chote ni saa. Nesi akisema saa mbili hujui kama anasoma ubao wa hospitali au anaongea kama sisi, kwa hiyo ni usiku wa manane au ni asubuhi, au ni mchana wa saa nane? Daftari la redio linakwenda kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Halafu kuna la siku. Niliandika kwenye zoezi "mkutano usiku wa Ijumaa", na mwalimu akapanga watu wake Alhamisi baada ya magharibi, kwa kuwa kwake usiku hutangulia mchana. Hakukosea, kwa watu wengi wa hapa Mombasa usiku wa Ijumaa ni huo huo. Tulibishana hadi kahawa ikaisha. Mwafaka: ndani ya jiji tunatumia saa ya Afrika Mashariki kwa tarakimu nne, na tarehe kwa nambari, bila jina la siku. Saa mbili ya usiku ni 2000, basi. UTC ni shughuli ya mwenye leseni na daftari lake.

La pili lililoleta ubishi ni salamu. Katika masafa mamoja bila ripita, yaani kituo cha juu kinachopokea sauti na kuirusha upya, mmoja akizungumza wengine wote wamefungwa mdomo, na mwenye la dharura hana pa kuingilia. Nikasema, hakuna salamu. Mzee mvuvi akanitazama. "Mwanangu, mimi nianze kunena na mtu bila kumsalimu, kwani nimegombana naye?" Tukapatana kwamba msimamizi wa kituo kikuu atatoa salamu moja wakati wa kufungua, kwa niaba ya wote, na wote wataitika kimoyomoyo. Baada ya hapo ni jina la kituo, neno, kisha "ova", yaani nimemaliza, zamu yako. Mzee aliridhika, na tangu hapo, mwenye leseni akimshikia kitufe, ndiye msimamizi bora tuliye naye, kwa maana sauti yake haipandi hata mambo yakichacha. Nafundisha pia kubonyeza kitufe, kungoja kidogo ndipo useme, la sivyo neno la kwanza hukatika. Na baada ya mwenzako kumaliza, acha pengo, mwenye jambo zito apenye.

Vyombo havikunisumbua sana, nivitaje kwa ufupi. Kwa mazungumzo ya jiji tunatumia bendi ya mita mbili, 144 hadi 146 MHz. Wokitoki ya wati tano na kile kiantena chake cha mpira hufa ukiingia nyuma ya maghorofa ya Nyali. Dawa yake ni waya wa shaba: kipande kimoja cha sentimita 49 kimesimama, vinne kama hicho chini yake vimeinamishwa kwa upande, kebo, na paa la juu. Kijana wa bodaboda alitengeneza yake akashangaa kumsikia mtu wa ng'ambo ya feri kama yuko chumba cha pili. Betri ya volti 12 na paneli ndogo ya jua zinatosha. Adui ni chumvi. Viunganishi visipofungwa kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, upepo wa bahari huvila ndani kwa ndani, na utagundua siku unayovihitaji. Kwa Voi au Nairobi mita mbili haifiki. Hapo tunashuka hadi 7 MHz mchana, kwa waya wa kama mita 20 uliotundikwa chini chini, ili mawimbi yapande karibu wima, yarudishwe na anga ya juu, na kushuka karibu.

Baada ya hapo tukafanya zoezi la jiji. Kisiwa hiki ukikifungia Makupa, Daraja la Nyali na feri ya Likoni, kimefungika, basi hivyo ndivyo tulivyoweka: mvua kubwa, njia zote tatu hazipitiki, simu hakuna. Kila ujumbe ulianza na kumalizika kwa "mazoezi, mazoezi", asije mtu anayesikiliza kwake akakimbia na watoto. Wenzangu wenye leseni waligawanywa Likoni, Tudor na Kisauni, kila mmoja na mwandishi wake. Likoni na Kisauni hazikusikiana vizuri, Tudor ikawa inapokezana. Ujumbe mmoja wa dawa za kisukari ulipita mikono mitatu ukafika na maneno yake yote. Mwingine ulichelewa sana kwa sababu msomaji alikuwa akiueleza badala ya kuusoma. Huo ndio niliokaa nao na kundi jioni nzima, neno kwa neno.

Kuna mengine siyajadili nao, ni amri. Majina ya waliofariki hayatajwi hewani: sheria za kimataifa za redio ya ridhaa haziruhusu kuficha maana ya ujumbe, kwa hiyo yeyote mwenye redio anasikia, hata mke wa marehemu. Na hatukimbilii tukio bila kuitwa. Polisi wana redio zao, Msalaba Mwekundu wana zao na namba yao ya 1199. Sisi ni wa kujaza pale zao zisipofika. Nilipeleka orodha yetu kwa ofisi moja inayohusika na majanga, ikakaa mezani muda mrefu kabla ya mtu kunipigia.

Kijana wa bodaboda na mmoja wa wale wanafunzi sasa wanajiandaa kuomba leseni zao. Nilimshawishi na mama wa mahamri, akakataa. Alisema wa kushika vitufe wako tele, ila zamu ya kuandika alfajiri hakuna anayeitaka, na yeye saa hizo yuko macho na unga wake.