Motahomu iliyotumika Marekani: anza na matairi

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaotafuta motahomu (gari lenye nyumba ndani yake) kubwa ya dizeli iliyotumika, msianze na sofa za ngozi. Ingia uvunguni na tochi. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT; tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe, mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mara nyingi zimeandikwa upande wa ndani tu. Magari haya huegeshwa muda mrefu, hivyo mpira huzeeka na kupasuka kabla tairi halijawa kipara. Likifika miaka 7, hesabu unanunua jipya. Motahomu ya ekseli tatu ina matairi 8, na kwa bei ya dola 500 kila moja hizo ni 4,000 kabla ya ufundi. Zikatwe kwenye bei ya muuzaji.

Kisha bonyeza ukuta wa nje, hasa chini ya madirisha. Ukibonyea au ukiwa na uvimbe, maji yameshaingia na faiba (ganda la nje la ukuta) imebanduka. Achana na gari hilo, hata likipunguzwa bei vipi.

Jenereta iliyofanya kazi saa chache mno kwa miaka 15 si sifa, kwani huharibika kwa kukaa bila kuwashwa. Iwashe, fungulia viyoyozi vyote, iache nusu saa.

Mafuta? Maili 8 kwa galoni ni kawaida; maili 8,000 kwa mwaka ni galoni 1,000. Ongeza bima, maegesho, betri, na silanti (gundi ya kuziba maungio) ya paa ya kukaguliwa kila miezi 6.