Hesabu za enkoda zilipanda mota ikiwa imesimama

Mashine ilikuwa ya kukata karatasi za maboksi, katika kiwanda kimoja Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Vipande vilitoka vikipishana milimita kadhaa. "Fundi, hii enkoda mpya nayo imekufa," opereta aliniambia. Enkoda ni kihisi kinachohesabu mzunguko wa shafti ya mota.

Nilizima draivu, kifaa kinachodhibiti umeme na kasi ya mota, nikazungusha shafti kwa mkono mzunguko mmoja kamili. Enkoda ya palsi 1024 hutoa hesabu 4096 kwa mzunguko, maana kila palsi huhesabiwa mara nne, na ndizo zilizosomeka. Enkoda nzima kabisa. Nikawasha draivu kwa kasi sifuri, breki imeshika: hesabu zikaanza kupanda zenyewe. Nikashusha masafa ya swichi za draivu kutoka kilohezi 8 hadi 4, zikapanda polepole zaidi. Kelele, yaani umeme wa usumbufu unaosomeka kama palsi, ilitoka kwenye draivu.

Draivu ya volti 400 hukatakata umeme wa DC (mkondo mnyoofu) wa takriban volti 560, kila mruko wa volti ukimalizika chini ya mikrosekunde moja. Mruko mkali namna hiyo huvujisha umeme kutoka kebo ya mota kwenda ardhini, nao hutafuta njia ya kurudi kupitia chuma chochote, hata wavu wa kebo ya enkoda, zile nyaya nyembamba zilizosukwa kuzizunguka nyaya za ndani. Ndiyo maana nilianzia kwenye kebo ya mota, ingawa inayolalamika ni enkoda.

Wavu wa shaba wa kebo ya mota ulikuwa umesokotwa mkia wa shubiri nzima na kufungwa kwa skrubu moja. Kwa masafa ya juu mkia huo ni koili, unauzuia umeme kurudi. Niliukata, nikamenya ganda la kebo, nikakwangua rangi ya paneli mpaka chuma kikang'aa, kisha nikaubana wavu kwa klampu ya chuma inayoukumbatia pande zote. Kwenye mota nilitoa glendi (kibanio cha kebo inapoingilia) ya plastiki, nikaweka ya chuma.

Kebo ya enkoda nayo ilikuwa na kasoro: waya wa mawimbi A ulisokotwa pamoja na wa mawimbi B, mawimbi mawili ya palsi ambayo enkoda hutoa. Nikapanga upya, A na kinyume chake jozi moja, B na kinyume chake jozi nyingine. Kelele ikizigonga nyaya mbili za jozi sawasawa, kipokezi kinachosoma tofauti yao hakiioni. Kebo hiyo ya enkoda nikaihamishia trei yake, sentimita 30 kutoka ya mota. Panapolazimu kupishana, zinapishana kwa pembe mraba.

Nikarudisha kilohezi 8, breki imeshika. Namba haikusogea. Pete za feraiti, zinazovishwa kebo kupunguza kelele na ambazo wengi hukimbilia kununua kwanza, sikuzihitaji. Ningezifikiria tu baada ya wavu kubanwa vizuri ncha zote mbili.